Mtani wa Mzee Iringa

Hildegarda alikuwa na mdomo. Madereva wa malori waliosimama Mikumi kunywa chai bandani kwake walilijua hilo kabla ya kujua bei ya andazi, na wengine walisimama kwa ajili ya mdomo wenyewe, maana maandazi, tuseme ukweli, yalikuwa ya kawaida tu.

Kwa hiyo Mama Fausta, nesi mstaafu, alipopita barabarani kuomba msaada wa nyumba ya wazee, hakutegemea makubwa kutoka kwake. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba vinne nyuma ya gesti, na ndani yake wazee sita wasio na pa kwenda. Ilikuwa miaka ile mashamba ya mkonge yalipouzwa kwa watu binafsi, na wanunuzi walitaka shamba, hawakutaka vikongwe waliozeekea kambini. Wenye gesti walitoa mashuka yaliyochakaa. Naanyu, mama wa Kimasai, alileta maziwa kila Jumanne. Hildegarda akatoa maandazi yaliyolala.

"Mmoja hatayagusa," Mama Fausta alisema. "Huyu tunayemwita Mzee Iringa. Lori lililotoka Iringa lilimshusha hapa, na leo siku ya nne anatazama ukuta. Hata jina hasemi. Tukimbembeleza ndiyo anazidi. Akiendelea hivi hatufiki naye mwisho wa wiki."

"Iringa?" Hildegarda akakaza kanga kiunoni. "Mhehe huyo. Hebu nipishe."

Yeye alikuwa Mngoni, mjukuu wa mkata mkonge aliyetoka Songea, na Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana. Mtani hukutukana hata msibani, na ukikasirika, mwenye kasoro ni wewe. Basi akabeba maandazi yake hadi kule nyuma ya gesti, akaingia chumbani kwa mzee bila hodi wala shikamoo.

"Jamani, fungieni mbwa wenu. Mhehe mla mbwa ameingia mjini na ana njaa."

"Hildegarda, wewe Mngoni una wazimu?" Mama Fausta alinong'ona mlangoni, mkono kifuani.

Mzee kitandani akageuza shingo taratibu, akayatazama maandazi.

"Mngoni," akasema kwa sauti iliyokauka. "Hayo umeyakaangia mafuta ya panya?"

"Onja ujue. Panya wa kwetu wana adabu kuliko wazee wa kwenu."

Akala mawili, na chai juu.

Tangu siku hiyo ikawa kazi. Wengine walichangia sabuni na mchele. Hildegarda alichangia matusi, kila asubuhi baada ya wateja wa kwanza, na hakukosa hata siku ya mvua. Mzee naye hakuwa na dogo. Alisema Wangoni walikimbia vita kwa kasi hadi wakapitwa na vivuli vyao. Alisema andazi la Hildegarda lingefaa kuwekwa nyuma ya tairi la lori mlimani. Mashavu yake yakarudi. Mama Fausta akaacha kushika kifua.

Mwezi wa nne wa matusi hayo, dereva mmoja wa Songea, Melkizedek, alishusha gunia la maharage kwa ajili ya wazee, na Hildegarda akampeleka. Mzee alikuwa uani akiota jua. Melkizedek alimwona, akatua gunia, akapiga goti.

"Shikamoo, Baba Ditram."

"Umemjulia wapi Mhehe huyu?" Hildegarda aliuliza.

"Mhehe? Dada, huyu ni Mngoni wa kijijini kwetu. Amekata mkonge Kilosa miaka thelathini. Kambi ilipofungwa alirudi nyumbani, akakuta nduguye wa mwisho tumeshamzika. Akapanda lori bila kuaga. Tumemtafuta sana."

Mzee Ditram alikuwa ameinamisha kichwa, anachora chini kwa fimbo. Hildegarda alihisi uso unawaka. Miezi minne amemporomoshea matusi mzee wa kabila lake, mtu ambaye hata marehemu baba yake angemwamkia. Huo si utani tena, ni utovu wa adabu mtupu. Akaondoka bila neno, na kwake hilo halikuwa jambo la kawaida.

Siku tatu hakuonekana. Ya nne Mama Fausta akaja bandani na daftari la wazee kwapani. "Amerudia ukuta," alisema. "Tangu juzi hajala."

Hildegarda alivaa kanga yake nzuri, akamfuata hadi chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Mzee hakugeuka.

"Nisamehe, babu. Sikujua."

"Mimi nilijua. Tangu siku ya kwanza."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema ungenipa shikamoo ukaenda zako. Shikamoo napewa na kila mtu, mwanangu. Wananisemesha polepole kama maiti. Mtu hutaniwa akiwa na kwao. Wewe ulipoingia na matusi yako nikasema basi, heri niwe Mhehe."

Hildegarda alibaki amepiga magoti. Moyo ulimuuma vibaya, kwa sababu heshima aliyokuja nayo ndiyo iliyokuwa inamuua mzee huyu. Akafuta pua kwa ncha ya kanga. Ndipo akili yake ikamrudia: babu na mjukuu nao ni watani, tena watani wa kitanda kimoja.

"Kumbe wewe ni babu yangu," akasema, akasimama na mikono kiunoni. "Kwa hiyo ni mume wangu. Na mume gani huyu, miezi minne hajaleta hata kibiriti nyumbani?"

Kitanda kikalia, na mzee akageuka mzimamzima.

"Mke gani anapotea siku tatu hajapika?"

Hildegarda akacheka, na machozi yakamtoka humohumo ndani ya kicheko, na hakujisumbua kuyaficha. Mzee akavuta bakuli la uji.

Mama Fausta alikuwa bado mlangoni na daftari lake. Alikuwa amekuja kuuliza, kwa kunong'ona, nani apelekewe habari likitokea la kutokea, na hakujua aanzie wapi.

"Mwandike huyu," mzee akasema, mdomo umejaa uji.

"Niandike ni nani wako?"

"Mkewe," wakajibu wote wawili, na Mama Fausta akaandika hivyo hivyo.