King'ora Hakingoji Jibu

Hata mvi zilipomjaa kichwani, kiwandani waliendelea kumwita Bosi Mdogo. Bosi Mkubwa alikuwa marehemu baba yake, na cheo hicho mzee alikwenda nacho kaburini.

Kiwanda kilitengeneza matofali na vigae. Kinu cha kukandia udongo kilikuwa na visu vya chuma ndani, na kila siku mtu aliingia humo kukwangua udongo uliogandia. Mzee alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: kabla ya kuwasha, mwashaji aite watu wote mmoja mmoja, na aliye kinuni aitike wa mwisho, akiwa ameshatoka. Bosi Mdogo aliona hayo ni mambo ya chekechea. Akayafuta, na badala yake akafunga king'ora. Uzalishaji ukapanda, akanunua hisa huku na huku, na tuseme haki, hakuwa mchoyo: alijenga shule na zahanati, akapigwa picha mpaka ukuta wa ofisi ukajaa.

Alimweka mwanawe wa pekee kiwandani ajifunze kazi kuanzia chini. Huyo ndiye aliyekuwa roho yake. Yaliyobaki yalikuwa mali tu.

Siku ya kukabidhi matofali ya wodi ya wazazi, wageni walifurika.

"Kutoa ni moyo, si utajiri," alisema mgeni rasmi.

"Mimi ninavyo vyote viwili!" Bosi Mdogo akajibu, watu wakaangua kicheko. Kwa kunogewa na kamera, akataka awashe kinu mwenyewe. King'ora kikalia, wageni wakakipigia makofi.

"Bosi, ngoja!" mwashaji alimzuia. "Aliyeingia kukwangua sijamwona akitoka."

"King'ora si kimelia? Asiye na masikio shauri yake." Wala hakuuliza ni nani.

"King'ora hakingoji jibu, bosi. Acha niite watu kwanza, kama enzi za mzee."

"Mzee amekufa," akasema, akabonyeza.

Ukelele ulitoka kinuni mara moja. Mwashaji alimtandika bosi ngumi ya mdomo, meno yakaruka, akazima kinu. Walinzi wakamvamia. Virungu vilimshukia kichwani na mgongoni, na alipoanguka wakamalizia kwa mateke mpaka taya likavunjika.

"Mpigeni!" Bosi Mdogo alifoka, damu ikimchuruzika kwenye tai. "Muueni mbwa huyu!"

Wageni walikanyagana mlangoni. Msimamizi akapanda, akachungulia kinuni, akageuka akitapika. Walinzi wakashusha virungu. Wote walikuwa wakimtazama Bosi Mdogo.

Ndipo alipoelewa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika halikuwa lake.

Akaanza kuita.

"Wa tanuri?"

"Nipo."

"Mpanga vigae?"

"Nipo."

"Mwashaji?"

"Nipo," ikatoka sakafuni, kwa taya lililovunjika.

Akawaita wote, wote wakaitika.

"Mwanangu?"

Akangoja, kama baba yake alivyokuwa akingoja. Kisha akaita tena.