Matanga ya Betri

Usiku wa jana niliota niko matangani, na marehemu alikuwa betri. Usicheke kwanza. Mimi mwenyewe sikucheka, na nilikuwepo.

Ili unielewe, lazima nikueleze ninavyoishi. Ninakaa kwenye trela, nyumba ya bati yenye magurudumu, juu ya kilima kimoja huko Singida ambako kampuni inapima upepo. Kazi yangu ni kuulinda mnara wa kupimia. Wanasema ipo siku upepo huu utatoa umeme wa kuwasha miji mizima. Kwa sasa umeme wote wa kilimani unatoka kwenye paneli moja ya sola juu ya paa, unakaa kwenye betri moja chini ya kitanda, na unapita kwenye inveta, kisanduku cha kugeuza umeme kilicho ukutani, ambacho hulia ting, ting, kila betri inapoishiwa na kila inapoanza kupata nguvu tena. Jirani yangu ni upepo, na yeye huingia bila hodi.

Baba alifariki kwetu Peramiho wakati mvua zimekata barabara na simu yangu haishiki mtandao huku kilimani. Habari niliipata kwa Mgimwa, dereva wa boza la maji, baba akiwa ameshazikwa. Mgimwa ni Mhehe na mimi ni Mngoni, kwa hiyo sisi ni watani. Mtani akikukuta na msiba anatakiwa akutanie. Ajilaze kaburini, agome kutoka, aseme marehemu alikuwa mchoyo, mpaka ucheke huku unalia. Mgimwa alisimama na mpira wa maji mkononi, akatazama chini, akasema, "Pole sana, bwana Ngonyani." Bwana Ngonyani! Siku zote ananiita jina la mnyama yeyote linalomjia mdomoni. Hapo ndipo nilipojiona niko peke yangu kabisa.

Dada yangu Editruda alimpigia simu, akamtuma aniambie na jambo lingine: nyumbani wote wameshanyolewa, matanga yameondolewa, na mimi ninyoe huko huko. Kusema ni rahisi. Kwetu mfiwa hajinyoi. Hunyolewa na mtu, ndugu au mtani, kichwa na ndevu, na hapo ndipo msiba unapomtoka mwilini. Anayejinyoa mwenyewe amejipendezesha tu, na msiba bado anao. Lakini huku juu nani wa kuninyoa? Jana jioni nikachomeka mashine ya kunyolea, nikaanza na shavu la kushoto. Nilipofika kidevuni, inveta ikalia ting, ting, na mashine ikazima mkononi. Nikasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kunisikia, "Betri imekufa." Nikalala na ndevu za upande mmoja.

Sasa, ndotoni, mlango wa trela uko wazi na ndani kumetandikwa mikeka. Inveta ameshuka ukutani. Amejifunga shuka kiunoni, amesimama mlangoni anapokea wageni.

"Umesema mwenyewe kwamba betri amekufa," ananiambia. "Wafiwa ndio sisi. Vua viatu."

Nikavua viatu. Betri amelazwa katikati, amefunikwa kitenge, zimebaki nje ncha zake mbili tu. Mjane wake ni paneli. Yeye yuko juu ya paa kama kawaida yake, amejifunika uso kwa vumbi, na wote wanasema aachwe, asisemeshwe. Mashine yangu ya kunyolea imekaa kwenye kona. Samahani, nimesema "imekaa", na Inveta akanikata jicho. Amekaa kwenye kona.

Karibu na chakula amekaa draya wa kukaushia nywele. Huyu aliachwa na Fausta, injinia aliyekuja kukagua mnara akalala pale siku chache, akaondoka nywele zikiwa mbichi. Fausta alinionya: "Osmundi, hiyo draya inakula umeme kupita kitu chochote humu ndani." Nilidhani ni namna tu ya kusema. Sasa namwona kwa macho yangu. Umeme umepakuliwa kwenye sinia, mwembamba, unafanana na uji uliozidi maji, na draya anaula kwa mikono ambayo hana.

"Mwachie na mwenzio," Inveta anamwambia.

"Mimi ndivyo nilivyoumbwa," draya anajibu na kinywa kimejaa. "Kila mtu anajua kwamba ninakula. Sijawahi kuficha."

Mashine ya kunyolea anatazama sinia likiisha. Nikamwonea huruma. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nakula peke yangu kila siku na bado sishibi, lakini nikaona si mahali pake.

Kisha draya akafuta mdomo, akasimama kutoa rambirambi. Inveta akatukumbusha kanuni: draya akiwaka, vingine vyote vizimwe. Wakazima taa. Wakazima redio. Wakazima vilima vya ng'ambo, kimoja baada ya kingine. Inveta akanigusa begani, akasema, "Samahani, ndugu mfiwa," akanizima na mimi.

Sijui draya alisema nini. Nilipowaka tena tulikuwa Peramiho, nyuma ya nyumba yetu, kwenye migomba, na waombolezaji walikuwa wanafuta machozi. Wanasema hawajawahi kusikia rambirambi nzuri namna ile. Kuna aliyesema kwamba sasa ameelewa maisha ya marehemu yalikuwa na maana gani. Nikauliza, "Amesema nini?" Wakaniambia, "Ungekuwepo." Nikaumia sana. Hata msiba huu nao umenipita.

Tukambeba betri kwenda kaburini. Ni mzito kuliko wanavyodhani watu, na nikajikuta nimeshika mbele peke yangu. Tulipofika, tukakuta kaburi lina mtu. Jenereta amejilaza humo ndani, mikono kifuani, anatoa moshi kidogo kidogo.

"Kamwene!" anatusalimia.

"Kamwene," tukajibu.

"Sitoki humu," anasema. "Hapa pazuri, hapana upepo. Leteni petroli kwanza, tena si ile iliyochakachuliwa."

"Nani huyu?" nikamuuliza Inveta kwa sauti ya chini.

"Mtani wa marehemu."

Jenereta akainua shingo. "Marehemu wenu alikuwa mvivu! Wingu likipita tu, yeye hoi. Si mimi niliyekuwa nanguruma usiku kucha mkanifukuza, eti napiga kelele? Sasa si mmepata kimya? Si mnakisikia hicho kimya kilivyo kitamu?" Kisha akaniona. "Na huyu Mngoni mwenye shavu moja! Umekuja kuzika, au umekuja kuuza ndevu kwa rejareja?"

Nikacheka. Sikupanga kucheka. Nilicheka mpaka nikashika mgomba nisianguke, na jenereta aliponiona nimecheka akaridhika, akatoka kaburini mwenyewe bila kupewa hata tone. Tukamzika betri.

Inveta akapiga makofi. "Sasa wafiwa wanyolewe, tuondoe matanga, kila mtu akalale kwake."

Watu wote wakamgeukia mashine ya kunyolea. Akasimama kwa aibu. "Mimi siwezi. Sijala."

"Ule nini?"

"Umeme."

"Umeme uko wapi?"

"Ulikuwa kwa betri."

"Na betri?"

"Amekufa."

"Ndiyo maana tunanyoa," anasema Inveta. "Basi nyoa."

"Siwezi. Sijala."

Wakazunguka hapo hapo mara kadhaa na hakuna aliyeona kosa. Mwishowe Inveta akatangaza kwamba, kwa kuwa hakuna wa kunyoa, matanga hayaondoki, na kwa kuwa matanga hayaondoki, hakuna wa kwenda kwake. Tutakaa hapa. Wenzangu wakaitikia vizuri tu, wakaanza kujinyoosha kwenye mikeka. Draya akauliza kama kesho kutakuwa na chai.

"Tutakaa mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka apatikane mwenye mikono."

Wakanitazama mikono. Nikaificha.

"Huyo hafai," jenereta akasema. "Huyo ni mfiwa, na mfiwa hajinyoi. Jana alijaribu, si mmeona alivyotokea?"

Nikataka kuwaambia nimechoka. Nikataka kusema nina miezi sijaguswa na mtu, hata bega, hata kwa bahati mbaya kwenye foleni, na kwamba nilipojinyoa lile shavu la kushoto nilifumba macho ili mkono ufanane na wa mtu mwingine. Ndivyo nilivyofanya, na sioni aibu kulisema. Lakini kwenye mikeka ile walikuwa wameshaanza kukoroma.

Hapo ndipo nilipomwona mzee aliyekaa mwisho wa mkeka, kanipa mgongo. Amevaa koti la kaki. Shingo yake naifahamu. Anafungua kikaratasi polepole, anatoa wembe mpya.

"Wembe hauli," anasema.

"Hauli nini, baba?"

"Hauli chochote."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Njoo ukae."

Nikaenda nikakaa chini, mbele ya magoti yake. Nilikuwa nimefurahi hata nikaogopa, na nikaona ni lazima niseme kilichokuwa kinanisumbua. "Baba, lakini marehemu ni wewe."

"Leo marehemu ni betri," akasema. "Mimi nimekuja kama watu wengine. Inamisha kichwa."

Akanilowesha nywele kwa maji ya kikombe. Yalikuwa ya uvuguvugu. Akaanza nyuma ya sikio la kulia, mahali ambapo mwenyewe siwezi kupaona, na nikasikia wembe unavyokwaruza, sauti ndogo sana. Kidole gumba chake kilikuwa kimeshika utosi wangu. Kilikuwa kizito, na kilikuwa na joto.

"Huko kwenye upepo," akasema, "unakula?"

"Nakula, baba."

"Unakula na nani?"

Draya aliacha kutafuna. Wote waliokuwa wanakoroma waliacha kukoroma, na hata migomba ilisimama, kila mtu anasubiri niseme jina. Nikatafuta jina. Nikapitia majina yote ninayoyajua na nikaona hakuna lililoko kilimani.

Wembe ukanikata.

"Umetikisika," baba akasema.

"Sikutikisika, baba. Nalia."

"Basi lia bila kutikisika."

Akachana kipande cha gazeti, akakilowesha kwa ulimi, akakibandika pale penye damu. Alikuwa akifanya hivyo tangu nikiwa na miaka ya kushikwa kwa nguvu ninyolewe. "Usikiguse mpaka kikauke," akasema, na akaendelea. Nikahesabu, kwa hesabu ya woga, kwamba kila anapopitisha wembe kazi inapungua, na kazi ikiisha hana sababu ya kukaa.

"Baba, nyoa taratibu."

"Nanyoa taratibu," akasema. "Lakini kichwa chenyewe ni kimoja."

"Kesho nitakuwa na nani?"

"Kesho shuka kilimani. Huko chini hakuna watu?"

"Wapo. Kuna kijiji. Siwajui."

"Na wao hawakujui," akasema baba. "Mko sawa. Nenda na wembe, mwambie yeyote akumalizie."

Nilitaka kugeuka nimwone uso. Nikakumbuka nimeambiwa nisitikisike. Juu ya paa la nyumba yetu, ambalo sasa lilikuwa paa la trela, paneli akajifuta vumbi usoni, mwanga ukapita, na Inveta akalia ting.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeingia dirishani na inveta ilikuwa ukutani, haina shuka, inalia kwa sababu betri imeanza kupata nguvu. Draya ilikuwa kwenye boksi lake. Nikajitazama kwenye kioo: ndevu za upande mmoja, nywele zote kichwani. Nikasema, haya, ndoto ni ndoto. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani.

Nikatoka na beseni, nikakaa kwenye ngazi ya trela kunawa uso. Kutoka pale moshi wa kijijini unaonekana vizuri. Miezi yote hii nimeutazama bila kufikiri kwamba chini ya kila moshi kuna mtu anayechochea moto. Nikajimwagia maji shingoni, nikapitisha mkono nyuma ya sikio la kulia, na kidole kikakwama kwenye kitu.

Kilikuwa kidogo kuliko ukucha. Nikakipapasa kando kando, na nikajua ni nini kabla sijataka kujua. Huku kilimani hakuna gazeti. Halijawahi kufika.

Nimekaa hapa kwenye ngazi, nalia bila kutikisika. Nimeshavaa viatu vya kushukia, na sijaondoka bado, kwa sababu nimekigusa tena sasa hivi na hakijakauka.