Chumvi ya Kuulizia Juu

Jana usingizi ulinichukua nikiwa bado na hasira na programu ya kompyuta niliyoiandika, inayotambaa kama konokono, na ndotoni nikajikuta nimo ndani yake.

Kumbe ndani kuna jiko. Nimejifunga khanga, na mkekani wamekaa wakwe wanangoja pilau. Wakiona imekosa chumvi, posa wanaondoka nayo. Mimi Siwema, nisiyejua hata kukaanga kitunguu! Nikashika chumvi.

"Hebu iweke chini," sufuria ikaniambia. "Hiyo kazi umeirithi. Kamuulize aliyekurithisha."

Sheria ni yangu mwenyewe, niliiandika mchana kwenye programu: mtoto hafanyi jambo mpaka amuulize mzazi. Napanda ngazi. Juu yupo Mama, anajipaka hina.

"Mimi nimerithi kwa mama yangu," anasema. "Twende tukamuulize."

Tunapanda tena. Juu kabisa ni ofisini kwangu, na Bibi Somoe, tuliyemzika mwaka juzi, anachagua mchele huku akizunguka taratibu kwenye kiti changu.

"Nusu kiganja," anasema. "Umekonda, mjukuu wangu."

Nashuka mbio, natia chumvi, napakua sahani. Nanyoosha mkono kwa sahani ya pili.

"Sahani mpya, swali jipya," inasema sufuria.

"Lakini jibu ni lile lile!"

"Kwani aliyeandika ni mimi?"

Basi nikapanda, nikashuka, nikapanda, magoti yakalia. Kila nikifika Bibi ananiambia nusu kiganja, ananishika shavu. Huko chini mama mkwe anang'aka, "Tumekuja kuposa mke au lifti?" Sufuria nayo, "Shoga, naungua!"

Hapo akili ikanijia. Nikalifunga jibu kwenye pindo la khanga, kama watu wanavyofunga nauli. Loo! Sahani zikamiminika. Wakwe wakala, wakaramba vidole, vigelegele vikapigwa.

Katikati ya vigelegele nikasikia sauti kutoka juu.

"Siwema! Mbona huji?"

"Nimeshajua, Bibi!"

"Haya," akasema, na kiti kikaacha kuzunguka.

Asubuhi niliamshwa na simu ya Mama.

"We mtoto, bibi yako kanijia usingizini. Kaniganda, eti nikuulize kama chumvi imetosha. Chumvi gani hiyo?"

Nikainuka kitandani.

"Akikujia tena, mwambie haijatosha, Mama. Mwambie nakuja kuuliza tena."