Uliniuliza Kama Jua Limetua

Mwanga ulikuwa ukimiminika juu ya bahari, mwekundu, mzito, ukipanda jabali hadi miguuni petu. Watu walijipanga kwenye uzio wa chuma, simu juu, kila mmoja akililia nafasi. Na wewe, mume wangu, uliegemea uzio katikati yao, uso umelielekea jua, macho wazi, ukaniuliza kwa sauti ya chini:

"Limeshatua?"

Bado lilikuwapo. Lilikuwapo lote, duara zima, limekaa juu ya maji.

Daktari alisema macho yako yatadumu mwaka. Mwaka, labda na nusu. Na wewe fundi saa, mtu wa kuamini vipimo, ukamwamini. Miaka thelathini umeinama kwenye meza ile ya dirishani, lenzi imebanwa jichoni, kibano mkononi, ukiziamsha saa za watu. Kisha wiki iliyopita nikakukuta umepiga magoti, unapapasa sakafu. "Skrubu imenitoroka," ukasema, ukacheka. Ilikuwa mbele ya goti lako, inang'aa. Nikaiokota, nikakutilia kiganjani. Hakuna aliyecheka tena.

Ndipo ukasema twende jabalini, pale uliponiambia mara ya kwanza kwamba unanitaka. "Nilione jua likitua mara moja tu, mke wangu. Nilihifadhi."

Miezi mitano tu tangu daktari aseme mwaka. Mitano!

Limeshatua?

Ningesema bado, ungejua kwamba limesimama mbele ya uso wako nawe hulioni. Ningesema limetua, ningekuibia. Upepo ulikuwa baridi, ukilamba joto lote kabla halijakufika shavuni. Nikachagua wizi.

"Limetua, mume wangu. Tumechelewa kidogo."

"Aa. Basi twende, tusije tukajikwaa."

Tukaligeuzia mgongo. Nilikushika kiwiko, nawe ukanyanyua miguu juu kupita kiasi, kama mtu anayevuka maji. Vivuli vyetu vikatutangulia, virefu, vyeusi, vimeshikana. Niliviona peke yangu. Nilikuongoza, nikakuongoza, na kila hatua ilikuwa uongo mwingine.

Hatujazifikia hata ngazi, kelele zikapasuka nyuma yetu. Makofi. Miluzi. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Hilooo, linazama!"

Ukasimama.

Mimi na mdomo wangu huu, ambao wewe husema redio inauonea wivu, nikakibana kiwiko chako tu.

"Kumbe ndiyo kwanza linatua," ukasema. Hukuniuliza. Hukunilaumu pia, na heri ungenilaumu.

Ukajitoa mkononi mwangu, ukageuka polepole, ukainua uso kulitafuta. Ulikosea. Uliuelekea ukuta wa kibanda cha tiketi, chokaa tupu, ukautazama kwa adabu yote, kidevu juu, mikono imeshikana nyuma. Nilitaka kukugeuza. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Nikugeuzie wapi, mpenzi wangu? Nikuonyeshe nini?

Watu wakaanza kutupita, wakicheka, wakionyeshana picha. Nuru ikajikusanya mawimbini, ikapungua, ikawa uzi, ikakatika. Bahari ikabaki sauti tu.

Nikafumba macho na mimi, nisikuache humo peke yako. Nikasimama kando yako, bega kwa bega, gizani.

Lakini mimi ningeweza kuyafumbua.