Kidonge cha Mama Hillary ni Orijino?

Mama Hillary, Mchaga wa vitenge vya jumla hapa Kariakoo, humuuzii feki. Anakisugua kitenge, anakinusa, anakurudishia: "Kawape wageni."

Lakini magoti yalimgomea ngazi za stoo, ghorofa ya tatu. Yasipopona, stoo anaiachia. Ndiyo maana akajiunga na utafiti wa dawa ya magoti kule Upanga, pamoja na jirani yake, Mama Jay, Mhindi wa duka la vifungo. Nesi Candida aliwasomea fomu neno kwa neno: nusu ya washiriki wanapata dawa, nusu vidonge visivyo na dawa, na hata daktari hajui nani kapata kipi. Kujitoa ruksa siku yoyote. Wakatia saini.

Kufika dukani, Mama Hillary hatulii.

"Miaka ishirini Kariakoo, leo nibebe mzigo nisiojua kama ni orijino?"

Akamwaga vidonge vyake juu ya kaunta, Mama Jay akaleta vyake. Duka likajaa. Swaumu muuza chai akanusa. Mimi, msaidizi wake wa dukani, nisifiche, nililamba. Cha kwanza kichungu, cha pili kichungu vilevile.

"Waliofunga mzigo huu wanaijua kazi," Mama Hillary akakiri.

"Basi tuchanganye," Mama Jay akasema. "Mwenye orijino amgawie mwenzake."

Vyote vikaingia kopo moja. Baada ya wiki tatu Mama Hillary alikuwa anapanda mpaka ghorofa ya pili, akiimba.

Siku ya kliniki niliwasindikiza. Umbea wote huo ningeukosaje? Nesi Candida akampima, akafurahi, akashika kalamu. "Niandike goti limepata nafuu kwa vidonge ulivyopewa?"

Mama Hillary akaangalia ile kalamu kama anayeona lebo ya Uholanzi kwenye kitenge feki cha uchochoroni.

"Usiandike, mwanangu. Mzigo huo umechanganywa."

Akasema yote, mpaka ulimi wangu. Nesi akanikata jicho, nikaangalia dari.

"Ahsante kwa kusema kweli, mama. Vidonge mnaacha leo, wote wawili. Magoti tutaendelea kuyapima mpaka mwisho."

"Na nani alikuwa na orijino?"

"Mpaka utafiti uishe."

Jioni akazivaa ngazi bila kidonge. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Sisi chini tunahesabu. Ya tatu! Kichwa kikachungulia juu ya reli, kinahema.

"Mama Jay! Nguvu hii ni yangu au yako?"

"Panda tena kesho," Mama Jay akajibu, "tuone kama ni feki."