Namba Arobaini

Alianza na mguu wa kushoto, kwa sababu ndio uliokuwa na nafuu. Chausiku alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya chumba cha kufulia cha hoteli. Alipaka kipande cha sabuni kisiginoni, akapachika mpini wa kijiko nyuma ya kiatu, akasukuma. Vidole viliingia kimoja juu ya kingine. Kile kidogo, kilichong'oka kucha juma lililopita, alikuwa amekifunga kwa kitambaa cha kanga, na kitambaa nacho kikaongeza unene pale pale pasipohitaji unene. Akasukuma tena. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega maana mikono ilijaa sabuni.

Mguu wa kulia ulichukua muda mrefu zaidi.

Chausiku alikuwa mwanamke wa haja, mrefu, mpana, kilo tisini na ushei. Nyayo zake zilikuwa zimetawanyika kama nyayo za mtu aliyekanyaga ardhi tangu alipojua kusimama. Zililima mahindi Handeni, zilikwenda lamboni na kurudi na ndoo kichwani, na kiatu cha kwanza zilikivaa akiwa darasa la tano. Hazikuwa na kosa lolote. Sokoni Korogwe alijinunulia makubazi ya kiume, namba arobaini na mbili, na hakuna aliyemuuliza.

Mpaka Mheshimiwa aliporudi kutoka Dar es Salaam. Mheshimiwa ndiye mwenye hoteli, hapa Manundu, na jina hilo alibaki nalo ingawa udiwani wenyewe ulishamtoka zamani. Huko alikokwenda aliona wahudumu wa kike wamevaa mchuchumio, akapendezwa. Aliporudi akatoa amri: kila mwanamke anayehudumia wageni avae viatu vyeusi vya kisigino cha inchi tatu. Wanaume waendelee na viatu vyao, ilimradi vimepigwa kiwi. Ngazi za kwenda ukumbini zilikuwa kumi na saba kwa wote.

Viatu vilikuja katika boksi moja. Iddy, mtunza stoo, alisimama mbele ya wafanyakazi wote na karatasi mkononi, akamwita mmoja mmoja ataje namba yake na kusaini.

"Thelathini na saba," alisema wa kwanza.

"Thelathini na tisa."

"Chausiku!" Iddy akamtazama miguu, akapiga mluzi. "Haya mama, wewe tukuletee mtumbwi?"

Watu wakacheka. Meneja, dada Edna, hakucheka. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba boksi linaishia namba arobaini, na kwamba asiye na namba humo atarudi jikoni kuosha vyombo. Kila mtu alijua maana yake. Waosha vyombo walikuwa vibarua, na kibarua hapewi barua ya ajira.

Chausiku alikuwa miezi kumi na moja katika matazamio ambayo aliambiwa ni ya miezi mitatu. Binti yake Yusra alikuwa na pumu. Barua ikitoka, bima ya afya inatoka, na Yusra hatasubiri tena nje ya dirisha la dawa huku akivuta pumzi kama anayepanda mlima. Basi Chausiku, mwanamke mzima wa miaka thelathini na minne, akaona haya mbele ya wale wanaocheka, akaogopa karai la vyombo, akasema:

"Arobaini."

Akasaini.

Wiki ya pili alivipeleka kwa Hiza, fundi viatu mzee wa njia panda. Hiza alikibonyeza kiatu kwa gumba, akamtazama Chausiku kuanzia chini hadi juu bila utani wowote.

"Mwanangu, kiatu hiki kimeshonwa kwa mtu wa kilo hamsini, mguu mwembamba. Wewe kisigino kinakupandisha, mzigo wako wote unashukia vidoleni. Hapo hapo vidole vimebanwa. Utasimama saa ngapi?"

"Kumi, mzee. Siku nyingine kumi na mbili."

Hiza alitikisa kichwa. "Kukivuta kwa kalibu, ule mguu wa mti, siwezi, kitapasuka. Kijaze maharage makavu, mwagia maji, ufunge kwenye mfuko. Yakivimba usiku yatakitanua taratibu. Lakini usiku mmoja tu, unanisikia? Soli hii ni boksi limebandikwa gundi. Ukizidisha maji, kisigino hakitakuwa na pa kushika."

Usiku mmoja ulitanua kidogo sana. Chausiku alipima kwa kile kidole chake kisicho na kucha, akaona afadhali ipo ila haitoshi. Mwenye shida haambiwi basi. Akajaza maharage usiku wa pili, na wa tatu.

Na kweli vilipanuka. Asubuhi ya semina, pamoja na kitambaa, sabuni na kijiko, viliingia. Dada Edna alimkuta koridoni.

"Leo ndiyo leo," Edna alisema. "Barua Mheshimiwa anazisaini saa nane. Yako nimeichapa mwenyewe, iko mezani kwangu. Tembea vizuri tu, usichechemee. Anachukia kuona mtu anachechemea."

"Sichechemei, dada."

"Unachechemea."

Semina ilikuwa ya usalama na afya mahali pa kazi. Wageni walikuja na magari, wakapewa madaftari, kalamu na vipeperushi vyenye picha ya mwanamume aliyevaa kofia ngumu na mabuti. Mheshimiwa alikaa meza ya mbele, mkono juu ya kiti cha mgeni rasmi. Chausiku alipanda ngazi mara ya kwanza na vikombe. Akapanda mara ya pili na sambusa. Kila akikanyaga aliuma ulimi ili maumivu yahamie mdomoni, na usoni akaweka tabasamu walilofundishwa. Alimfikiria Yusra. Alijiambia saa nane si mbali.

Mara ya tatu alibeba sinia lenye chupa mbili kubwa za chai. Alikuwa ameshaingia ukumbini, hatua nne kutoka meza ya mbele, kisigino cha kulia kilipobanduka. Hakikupiga kelele. Kililala tu upande, na kilo tisini zikakifuata. Mbele yake kulikuwa na mgongo wa mgeni rasmi, na Chausiku, katika nusu ya sekunde aliyokuwa nayo, alilivuta sinia kwake. Chupa zilimpasukia mapajani na kwenye mguu.

Alipiga ukelele mmoja, kisha akaona aibu akanyamaza.

"Pole mama, pole sana," alisema mgeni rasmi, akikung'uta suruali iliyorukiwa matone mawili. Akageukia wenzake. "Mama zetu nao! Mwili huu na viatu vile, jamani?"

Wakacheka, si kwa ubaya. Mheshimiwa alicheka kuliko wote. Wahudumu wawili wa kiume walimshika Chausiku makwapani na kumtoa, na kabla mlango haujafungwa alimsikia mwezeshaji akirudi kwenye somo.

"Sasa, kama nilivyokuwa nasema, ajali nyingi chanzo chake ni mfanyakazi mwenyewe."

Ofisini kwa Edna alipewa kiti, na beseni la maji ya bomba la kuwekea mguu. Maji yalibadilika rangi. Edna alifunga mlango, akaketi, na chini ya meza akavua viatu vyake. Chausiku aliiona miguu ile kwa mara ya kwanza. Ilikuwa midogo, namba thelathini na sita labda, na kwenye kila kidole gumba palikuwa na kifundo chekundu kikubwa kama kitunguu.

"Unadhani mimi napenda?" Edna aliuliza. "Mheshimiwa akiingia hapa anaangalia miguu kwanza, ndipo anaangalia kazi."

"Dada, barua yangu."

Edna aliisogeza karatasi nyingine. "Hii ndiyo fomu ya ajali. Saini hapa chini."

Chausiku alisoma taratibu. Chanzo cha ajali: mfanyakazi alitoa taarifa isiyo sahihi kuhusu namba ya kiatu, na aliharibu mali ya hoteli kwa kukiloweka.

"Mlisema boksi linaishia arobaini."

"Nani alisema? Kuna karatasi?" Edna alifungua faili, akaigeuzia kwake ile orodha ya Iddy. "Karatasi ninayo hii. Arobaini, umetaja mwenyewe. Sahihi ya nani hii?"

Chausiku aliitazama sahihi yake. Ilikuwa nzuri, ya mtu aliyefundishwa mwandiko kwa fimbo. Barua ya ajira ilikuwa pale pale, karibu na kiwiko cha Edna, jina lake juu, chini pakiwa patupu.

"Yusra anaumwa, dada Edna. Unajua."

"Najua." Edna alikuwa akijilazimisha kuvaa viatu vyake, na uso ukamkunjamana. "Saini, Chausiku. Ukisaini angalau siku za mwezi huu utalipwa."

Akasaini.

Sare alikwenda kuirudisha stoo, amejifunga kanga, mguu mmoja juu ya kubazi na mwingine hewani maana ulikuwa umevimba hadi arobaini na mbili haikuutosha tena. Iddy alikuwa na nyundo. Alikwisha kukipigilia kile kisigino misumari mitatu, akikitazama kama mtu aliyejenga nyumba. Kwenye kreti la soda alikaa msichana mwembamba, begi mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Husna. Natoka Kwashemshi. Nimeambiwa nianze sasa hivi, wageni hawajala."

Iddy alimpa viatu. Nyayo za Husna zilipotea humo, visigino vikabaki na nafasi ya vidole viwili nyuma. Akajaribu hatua moja, kiatu kikabaki sakafuni, mguu ukaenda.

"Umesaini namba ngapi?" Chausiku aliuliza.

"Arobaini." Husna aliinamisha kichwa. "Mimi huvaa thelathini na sita. Meneja amesema niseme arobaini, ndiyo iliyobaki."

Iddy akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu. Chausiku aliiweka sare sakafuni. Akashuka chini kwa goti lake zima, polepole. Pembeni ya kreti palikuwa na rundo la vipeperushi vilivyobaki semina. Akachukua kimoja, akamkunja yule mwanamume wa kofia ngumu na mabuti, akamshindilia kwenye ncha ya kiatu cha kushoto. Akachukua cha pili kwa ajili ya kulia.

"Leta mguu," alisema.

Husna akauleta. Chausiku akamfunga kamba ya kifundoni, akaikaza tundu la mwisho, akamwambia asikimbie kwenye ngazi na asiwe mbele ya mtu akibeba chai. Kisha akabaki pale chini, akisikiliza visigino vikipanda ghorofani. Alihesabu vidato mpaka cha tisa, visigino vikasimama.

Juu huko mtu akaita kwamba chai inachelewa.