Bodi Moja, Roboti Mbili

Moshi ulitoka mwembamba, ukapanda juu ya meza, ukaacha harufu ya plastiki iliyoungua. Mwalimu wa fizikia aliisikia harufu kabla hajauona moshi wenyewe. Alipogeuka, aliwakuta vijana wa kikosi chake cha wakubwa wameganda kuizunguka roboti yao, mmoja wao bado kaishika betri kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi.

"Nani kaunganisha?" aliuliza.

Jibu halikuwa na kazi. Waya zote mbili za betri zilikuwa nyeusi. Nyekundu ziliisha, na ni yeye mwenyewe aliyewaambia watumie nyeusi tupu, watakumbuka ipi ni ipi. Sasa, katikati ya ukumbi uliojaa kelele za mashindano, katika mbio za kuwahi ukaguzi, hakuna aliyekumbuka, zikaunganishwa kinyume.

"Bodi imekwenda," alisema kapteni wa kikosi, kijana mrefu mwenye maneno machache, ambaye shule nzima ilimwita Injinia. "Ubongo wote umeungua. Tuna nyingine, mwalimu?"

Swali lilimchoma. Nyingine! Bodi za akiba aliziagiza muhula uliopita. Kila alipopiga simu aliambiwa zipo njiani, kisha zipo ghalani, kisha umebaki muhuri mmoja tu. Muuzaji alikuwa na sauti laini ya kubembelezea mtoto mchanga, na hakukosa kumalizia na "wiki ijayo, mwalimu, ondoa shaka." Wiki zijazo zilikuja zikapita. Magurudumu yaling'olewa kwenye kigari cha mtoto, mota zikatolewa kwenye printa mbovu za ofisi, na mwalimu akaingiwa na tabia ya kukigeuza tumbo juu kila kifaa alichokikuta, hata majumbani mwa watu, mpaka dada yake akampiga marufuku kukaa karibu na feni.

Kipaza sauti kilikoroma: "Meza ya ukaguzi inafungwa saa sita kamili! Roboti ambayo haijakaguliwa haitashindana, na tusilaumiane!"

Simu ikaita. Mkuu wa shule. Habari mbaya ilikuwa imeshamfikia, ingawa hakuna aliyempelekea.

"Wale wadogo wana bodi kama hiyo, sivyo?"

"Wanayo, mkuu. Lakini kanuni haziruhusu roboti mbili kutumia bodi moja. Nikiichukua, wao basi."

"Kwani tatizo liko wapi? Wadogo wamekuja kujifunza, wakubwa wamekuja kushinda. Hamisha."

Akakata. Mwalimu aliitazama simu kwa hasira, kana kwamba nayo ilikuwa imeagizwa kwa yule muuzaji. Halafu akachukua bisibisi.

Kikosi cha wadogo kilikuwa kimetupwa mwisho kabisa wa ukumbi, karibu na mlango wa choo. Walikuwa wa kidato cha kwanza na walijiita Sisimizi. Roboti yao ilikaa upande, ikitembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima, lakini ilitembea. Kiongozi wao alikuwa binti mdogo wa umbo aliyepewa jina la Wakili, kwa kuwa hakuna adhabu aliyowahi kuipokea bila kuuliza imetoka kifungu gani. Njia nzima mwalimu alijiandaa kwa ubishi wake.

"Bodi ya kaka zenu imeungua," alisema. "Nimekuja kuchukua yenu."

Sisimizi walitazamana. Kisha wakasogea, wakampa nafasi.

Alianza kufungua skrubu. Mmoja wao akaleta kifuniko cha chupa. "Weka humu, mwalimu, zisipotee." Mwingine akaielekeza taa ya simu mahali penye giza. Wakili alikunja mikono. Skrubu zilidondoka kifunikoni, kila moja na mlio wake.

"Waambie inachelewa kuwaka," Wakili alisema hatimaye. "Wasidhani imekufa. Wasiitingishe."

Mwalimu aliinua uso. Kelele alizozitegemea zingemsaidia; angemkaripia mtu, akamaliza kazi, akaondoka. Kwa upole huu hakuwa amejiandaa.

"Wakili, leo huna la kusema?"

"Nilikuwa nalo, mwalimu," binti alijibu. "Lakini umekuja na bisibisi."

Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini hakubeba mwavuli. Mwalimu alibaki ameinama juu ya ile roboti, jasho likimtiririka mgongoni. Miezi yote hii alikuwa akimlaani muuzaji kwa kumzungusha, mkuu kwa kumwamuru, dunia nzima kwa kumnyima skrubu na waya. Na hapa alipo, mbele ya watoto waliokwisha kujizoesha kunyimwa hata wakajifunza kumshikia taa mnyang'anyi, yeye ndiye mwenye bisibisi.

"Nipe hicho kifuniko," alisema.

"Tumekosea nini?" aliuliza mwenye kifuniko.

"Lete, mtoto! Muda unakwenda!"

Akaanza kuzirudisha skrubu. Moja ikatoroka chini ya meza, Sisimizi wote wakaenda nayo chini, wakagongana vichwa, mmoja akacheka, na cheko lile likawaambukiza wengine. Walifika mezani kwa mkaguzi wakikimbia, roboti imebebwa kama mgonjwa. Mkaguzi alitazama saa, akawatazama wao, akavuta pumzi ndefu ya kuchoka, akaipokea.

Injinia alikuwa amesimama palepale alipoachwa. Alikwisha kuelewa.

"Mwaka wangu wa mwisho huu, mwalimu."

"Najua."

"Ungewaomba tu, wangetupa."

"Ndiyo. Wangewapa. Ndiyo maana nimewaachia."

Injinia alitikisa kichwa, si kwa kukubali. Aliifunika roboti yake kwa koti la shule, taratibu, akatoka nje.

Sisimizi walishindwa mchezo wa kwanza. Roboti yao ilibeba mpira, ikauangusha, ikaufuata, ikauzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na ukumbi ukavunjika mbavu. Wakili aliliendea jopo la waamuzi kuuliza pointi zao zimekatwa kwa kifungu gani.

Mwalimu alimkuta Injinia kwenye ngazi za nje, upande wenye kivuli cha ukuta, amejiinamia. Alikaa ngazi moja juu yake, juani. Alikuwa na maneno mengi njiani.

"Usiniambie kitu," Injinia alisema.

"Sisemi."

Ndani kipaza sauti kiliita Sisimizi kwa mchezo wa pili. Vicheko, kisha makofi machache, kisha kimya kirefu.

"Mkono wao unashika mpira chini mno," Injinia alisema bila kugeuka. "Ndiyo maana hata mazoezini unaponyoka."

"Kawaambie."

"Sitaki."

"Haya."

Walikaa. Jua lilizidi kuwaka, nalo lilimpiga mwalimu usoni moja kwa moja. Baada ya muda Injinia alisogea, bado kampa mgongo, akamwachia upande wenye kivuli.